Cheti cha Jumanne

Jumanne gari langu lilifaulu.
Iestyn, kijana wa gereji ya Treorchy,
alilizunguka na tochi kama anayetafuta hereni,
akagonga tairi, akavuta mikanda ya viti,
akaniambia nikanyage breki, nikakanyaga,
niwashe indiketa, nikawasha.
Kisha akaingia yeye, akaikandamiza dizeli hadi chini,
na injini ikapiga yowe
ambalo sikupata kulisikia miaka sita niliyoishi nayo.
"Tunapima moshi," alisema. "Usiogope."

Limepita.
Chini ya karatasi, maoni mawili kwa herufi ndogo:
tairi la nyuma kushoto linaelekea kuisha;
kutu kidogo, si ya kutisha.
Niliisoma mara tatu palepale kwenye maegesho,
kama msichana aliyeitwa kidato cha tano.
Nikaipiga picha, nikamtumia Kombo, zamuni Swansea.
Akajibu: Alhamdulillahi. Sasa tulia mwaka mzima.

Alhamisi.

Saa moja kasoro robo, kwenye mpando wa Bwlch,
barabara inapojikunja kama utumbo wa mbuzi,
taa ya njano ikawaka:
picha ya injini, mfano wa buli lililokatwa mdomo.
Niliigonga kwa kidole. Haikuzimika.
Gari likaanza kutetemeka, si kwa baridi,
bali kama mtu anayezuia kilio mbele za watu.
Gia ya tatu. Ya pili. Lori la nyuma likanimulika.
Nikajitupa pembeni, nikawasha hazadi,
ukungu ukazimeza.

Kondoo wakaja, watano,
kila mmoja na alama ya buluu mgongoni.
Nao wamekaguliwa.

Nikafungua boneti. Sijui nilitarajia kuona nini.
Oili imerukia kila mahali,
na kijiti cha kuipimia nusu ndani, nusu nje,
kama msemaji aliyekatizwa.
Ahaa, nikasema. Iestyn.
Nikaanza kumwandalia maneno, kwa Kiswahili kwanza,
maana huko ndiko matusi yangu yalikohifadhiwa.

Nikampigia Bibi Gwenllian, ng'ambo ya mlima,
miaka tisini na mmoja, anayesubiri matone ya macho.
"Si uliniambia limepita?"
"Limepita, bibi."
"Mimi pia daktari aliniambia niko sawa," akasema,
"kisha nikainuka kwenye kiti."
Akacheka hadi akakohoa.
Nikasubiri kikohozi kiishe. Kilichukua muda.

Aliyekuja na gari la kuvuta ni Iestyn mwenyewe.
Alikiona kijiti kabla sijanyoosha kidole.
Masikio yakamwiva.
Alikuwa amebeba chai, kikombe cha karatasi,
sukari nyingi kama niinywavyo mimi,
na sijui nani alimwambia.
Matusi yakanikauka kooni, nikayameza na chai.

Gerejini Emrys, mjomba wake, akafuta mikono,
akachomeka kompyuta, akatazama, akakunja uso.
"Kijiti kimechafua tu. Ugonjwa ni nozeli ya tatu.
Inakufa tangu kiangazi."
"Na lile yowe?"
"Huenda liliharakisha. Huenda halikufanya kitu."
"Sasa mlikagua nini?"
"Breki. Taa. Moshi. Jumanne."
Alilitamka Jumanne kama kipuri kimojawapo.

Nyumba njema si mlango, tuliimbishwa shuleni.
Hawa walipima mlango, komeo na bawaba;
ndani hawakuulizwa,
nami sikuwauliza.

Pauni mia tatu na arobaini.
Iestyn akanong'ona kwamba atamwomba mjomba apunguze ya kazi.
Sijui kama aliomba. Bili ilikuja mia tatu na ishirini.

Nilishuka kwenda kituo cha basi, karatasi mfukoni,
bado halali hadi mwakani.
Nyuma yangu, juu ya jeki, gari lilikuwa limenyanyuliwa ubavu,
na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama
nikalitazama tairi la nyuma kushoto.
Lile waliloniambia nilihofie.
Halina neno.